Kiti cha Kipande cha Pili

Mtu anayetafuta mchumba, mahali pa mwisho pa kumtafutia ni foleni ya ukaguzi katika uwanja wa kubadilishia ndege. Watu wamevua viatu na mikanda, macho mekundu, hakuna aliyepiga mswaki, na kila mmoja anamtazama mwenzake kana kwamba ndiye aliyeichelewesha dunia. Lakini hapo ndipo Dada Tiketi alipompata wake. Au tuseme, hapo ndipo alipomkanyaga.

Dada Tiketi ndilo jina alilopewa na wateja wake. Alikuwa wakala wa safari, na siku hiyo alikuwa akirudi kutoka Asia, amevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, viatu virefu mkononi. Mbele yake mwanamume mmoja mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono, aligeuka ghafla kutoka kwenye foleni, naye Dada Tiketi akamkanyaga mguu.

"Kaka, unaelekea wapi?"

"Nje. Kuchukua begi langu."

"Begi gani?"

"Nililolikabidhi kule nilikopandia. Nataka kulipeleka ndege ya pili."

"Haya, nenda! Begi linahamishwa lenyewe, wewe unataka kuingia nchi ya watu bila visa. Utakaa na askari huko huku ndege inaondoka na begi lako. Kadi yako ya kupandia hujaisoma?"

Mwanamume alimwangalia kutoka nywele hadi vidole vya miguu. "Wewe ndiye bosi wa huu uwanja?"

"Mimi ni wakala wa safari. Kazi yangu ni kuwaokoa watu kama wewe."

"Basi niokoe taratibu, mama. Bado umesimama juu ya mguu wangu."

Alikuwa fundi wa lifti, ametoka kwenye mafunzo kwa watengenezaji wa lifti huko huko Asia. Kumbe ndege yao ilikuwa moja. Mwanamume akambembeleza abiria aliyeketi jirani na Dada Tiketi wabadilishane viti, wakagombana angani safari nzima, wakagombania hata kifuniko cha dirisha, kifungwe au kifunguliwe. Walipotua, namba ya simu ya Dada Tiketi ilikuwa mkononi mwa Fundi, na yeye mwenyewe hakujua aliitoa saa ngapi.

Tangu hapo tiketi za Fundi zilipita mkononi mwake. Alimpangia safari kama anavyowapangia wote, akimwachia muda mrefu katikati ya ndege na ndege.

"Bi Mkali wangu," Fundi alilalamika kwenye simu, "umenilaza kwenye kiti cha chuma mpaka shingo imepinda."

"Itanyooka."

"Abiria wenzangu wanapita wanakimbia, wanafika nyumbani kabla yangu!"

"Wangapi wameachwa na ndege, umewahesabu? Kaa uwanjani mpaka uchoke, Fundi. Usije ukakimbilia ndege."

"Sawa, mpenzi. Nakaa. Nikizeekea hapa, uje unichukue."

Mapenzi yao yalikuwa ya namna hiyo, kelele nyingi, na kelele zikiisha wanatafutana. Kilichowashinda ni kitu kimoja tu, kuwakutanisha wazee. Mara ya kwanza lifti ya hospitali iligoma na Fundi akaitwa kazini. Mara ya pili dhoruba iliufunga uwanja wa ndege. Baba yake Dada Tiketi, mtu asiyependa kurudia neno, alilirudia hili: "Jumamosi hii asipokuja, mwambie nyumba hii aisahau. Sitamkabidhi binti yangu mtu wa kuahirisha." Mama yake Fundi naye alifunga safari ya basi kutoka mbali ili Jumamosi imkute mjini.

Ijumaa asubuhi Dada Tiketi aliketi kazini, akafungua kompyuta kuitazama safari ya Fundi, aliyekuwa akirudi kutoka mafunzo mengine. Kipande cha kwanza kilikuwa cha kutoka Asia hadi uwanja wa kubadilishia, cha pili kutoka hapo hadi nyumbani. Kwenye kipande cha kwanza paliandikwa: hakupanda.

Alipiga simu. Imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Akafungua picha ambazo wafanyakazi wenzake Fundi huziweka mtandaoni. Fundi alikuwa amekaa mezani, anacheka meno yote nje, na bega kwa bega naye mwanamke wa miwani. Nyuma yao kioo kikubwa cha uwanja ule ule wa kubadilishia ndege. Picha ya jana.

"Yaani!" alisema kwa sauti, na mteja aliyekuwa mbele yake akaduwaa. "Yaani mtu anafika nusu ya njia bila kunipa hata salamu, na ana mwanamke!"

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mwenzake wa shirika la ndege, mwanamke anayefahamiana naye kwa sauti tu.

"Dada, abiria wako hakupanda kipande cha kwanza, kwa hiyo cha pili kinafutika. Unajua taratibu. Ila ukisema neno nitakushikilia kiti. Ndege ya usiku imejaa, kuna watu wanakililia. Nikishike?"

Angeweza kusema subiri. Angeweza kusema ngoja nimuulize kwanza. Alikuwa na ile picha mbele ya macho.

"Wape," alisema.

"Una uhakika?"

"Nimesema wape!"

Alasiri alikwenda kwa wazazi wake akiwa amenuna, akakuta mama yake Fundi ameshafika, amekaa sebuleni ndani ya gauni jipya la kijani, mkoba mapajani. Mama mtu alisimama kumkumbatia.

"Mwanangu anafika asubuhi, eti?"

"Mwanao hafiki, mama. Mwanao amekimbia."

Mama yake Dada Tiketi aliyekuwa akimimina chai alishtuka, ikamwagika kwenye trei. "We mtoto! Hiyo ndiyo salamu?"

"Mnataka niseme nini? Hakupanda ndege! Anastarehe na mwanamke, kazima simu, sisi huku tunafagia ua kwa ajili yake!"

"Binti," mama yake Fundi alisema polepole, "mwanangu ana makosa mengi, nayajua. Kukimbia hakumo."

"Basi mimi namjua vizuri kukuzidi."

Baba alikohoa, kikohozi kile cha kumwonya mtu, lakini simu ikawahi kulia. Namba ya ugenini. Dada Tiketi aliipokea na kuiweka sauti kubwa, wote wasikie aibu ya mtu.

"Bi Mkali! Afadhali umepokea. Niko kaunta, wananiambia sina tiketi. Hebu waambie."

"Muulize huyo mwanamke wako."

"Mwanamke yupi?"

"Wa miwani! Picha ninayo!"

"Yule bosi wangu? Ana wajukuu yule! Mafunzo yaliisha mapema, kampuni ikanipa kiti kwenye ndege aliyopanda yeye, nikashukuru. Nilihofu ndege ya kwanza ichelewe, niikose ya pili, niwakose wazee tena. Nikasema bora nitangulie, nisubiri hapa. Nimelala uwanjani tangu jana, simu imeisha chaji, waya uko kwenye begi. Hii nimeazima."

Dada Tiketi aliisogeza simu karibu na mdomo. "Ukiruka kipande cha kwanza, vinavyofuata vinafutwa. Kila mtu anajua hilo!"

"Kila mtu wa ofisini kwako. Mimi fundi wa lifti. Kwangu, ukikosa ghorofa ya kwanza unapandia ya pili."

"Ungeniuliza!"

"Nilitaka kukushangaza. Sasa wanasema kiti changu kilikuwepo, leo asubuhi wakala wangu akaagiza wapewe wengine. Nimewaambia hapana, mtakuwa mmekosea, wakala wangu ni mchumba wangu."

Baba alikuwa ameanza kutikisa kichwa, na Dada Tiketi aliona njia ya kuponea iko wazi kabisa. Angesema shirika limekosea, au kompyuta, nani angejua? Mzee angemkasirikia Fundi kwa kuchelewa, na mambo yangeishia hapo.

"Hawajakosea," alisema. "Baba, usimlaumu. Alikuwa njiani. Kiti chake nilikitoa mimi, kwa hasira."

Mama yake Fundi aliokota mkoba wake. Hakupandisha sauti. "Nilikuja kuona mwanangu anaoa wapi. Nimeona." Akatoka, na mama mwenye nyumba akamkimbilia hadi getini, akiomba radhi ambazo hazikuwa zake kuomba.

Baba aliichukua simu. "Kijana, mimi ndiye baba. Neno langu la Jumamosi limekwisha. Njoo siku utakayoweza, nitakuwepo."

"Nashukuru, mzee. Naomba niongee na binti yako."

Dada Tiketi aliingia na simu chumbani, akafunga mlango, akaifungua kompyuta yake ya mkononi.

"Fundi, nakutafutia njia nyingine. Ipo ya kuzunguka, utabadilisha ndege mara mbili, lakini utafika. Nisamehe, mpenzi wangu. Nisamehe sana. Hata mama yako nilimwambia umekimbia."

"Ulimwambia mama yangu kwamba nimekimbia?"

"Nilikasirika."

"Ulikasirika tangu asubuhi mpaka jioni? Hukupata hata dakika ya kusema huyu namjua, hebu nisubiri simu yake iwake?" Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mimi nakaa kwenye kiti cha chuma siku mbili kwa sababu yako, wewe unanifuta kwa neno moja."

Machozi yalimshuka mpaka kwenye vitufe.

"Niandikie tiketi," Fundi alisema. "Ya kurudi Asia. Kuna kazi waliniomba nibaki niifanye, nilikataa kwa ajili ya kesho. Kesho haipo tena."

"Fundi…"

"Niandikie, tafadhali. Hapa nyuma yangu kuna foleni."

Akaandika. Jina lake aliliandika bila kuuliza, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya pasipoti alizijua kwa moyo. Mpaka akafika pale pa kuchagua, ikabidi aulize kama anavyowauliza wateja wote.

"Kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

Nyuma ya Fundi sauti ya kipaza sauti iliwaita abiria wa safari nyingine.

"Na kurudi," alisema mwishowe.

"Tarehe?"

"Acha wazi. Nikipoa nitakwambia mwenyewe. Usinipigie."

Aliiacha wazi, akabonyeza. Maagizo yalimjaa mdomoni, begi, lango, kaunta ya kuulizia. Akayameza yote.

"Safari njema, Fundi," alisema, akasubiri yeye akate kwanza.