Saini ya Keshia wa Wexel

Noti ilikuwa ya mwaka 1882, lakini wino wa saini yake ulimchafua Delmar Krantz kidole.

Akaufuta kwenye suruali, akarudi kwenye kioo chake cha kukuzia. Kwa miaka ishirini alikuwa akithamini noti za kale pale Nebraska. Alijua bei haitokani na tarakimu iliyochapwa, bali na mji wa benki iliyoitoa noti, na idadi ya zilizosalia. Hii ilikuwa ya benki ya Wexel, mji uliokwisha kufa. Hakuna aliyewahi kuona nyingine. Dola elfu arobaini, bila ubishi.

"Hizi zimejaa tele, mama," akamwambia Hedda Tiemann, mjane aliyeileta. "Nakupa sitini, kwa kukuhurumia tu."

Mjane akazipokea upesi, akatoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Delmar alisikia kalamu ya chuma ikikwaruza ndani ya kabati, na duka zima likanuka wino na udongo mbichi. Mchana mbwa wake akafa. Tumboni, chini ya manyoya, palikuwa na saini ya kahawia, ile ile ya kwenye noti: Pruett, keshia. Siku ya tatu mkwaruzo ukamfuata nyumbani, ukapita jikoni, ukapita ukutani, hata mkewe Lorna alipoinama kukata mkate na nywele zikamwanguka pembeni, Delmar akaiona herufi P shingoni mwake, mbichi, inameta, na ya pili ikichorwa polepole na mkono asiouona, kama wa mtu aliye kazini.

Akaikimbiza noti kwa mjane.

"Ichukue, mama. Bure. Mke wangu anakufa."

"Wangu alikufa," Hedda akanong'ona mlangoni. "Na wanangu wawili."

Akamweleza kwamba ndani ya noti mna jini, na haliondoki kwa moto wala kwa zawadi. Humhama mwenye noti pale tu anapodhulumiwa bei yake, likamwandama aliyemdhulumu. Wathamini kumi na mmoja walimtajia bei ya haki, na kila mara alirudi nayo nyumbani akilia.

"Nilikwisha kukata tamaa, mwanangu. Ndipo nikasikia sifa zako."

Akafunga mlango.

Delmar akaendesha gari hadi Omaha, kwa mthamini mwenzake, akamwambia huenda ni noti ya kawaida tu. Mwenzake akaikagua kwa muda mrefu.

"Elfu arobaini, Delmar. Siwezi kukupunja, ndugu yangu."

Simu ikalia. Alikuwa Lorna. Alisema shingo ilikuwa ikimwasha, na jirani amemsomea kilichoandikwa.

"Delmar," akauliza, "Pruett ni nani?"