Nilimuuliza Mkwe Wangu Ulemavu Wake Uko Wapi

Nina umri wa miaka sitini na tatu, ndugu wasomaji. Nina mke mmoja, watoto saba na ng'ombe wa kutosha, na watu wa kata yetu ya Gehandu wakipita kwangu hunipa shikamoo kwa adabu zote. Lakini mimi najionea kinyaa! Si majuto peke yake… ni kinyaa hasa, kile cha mtu aliyemaliza uji akakuta funza chini ya kikombe.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na elimu yangu ni ya darasa la saba. Mnisamehe mwandiko. Ubaya wangu msiusamehe.

Mimi ni mfugaji wa Kibarabaig, nilibatizwa nikiwa mtu mzima. Biashara ya mifugo ilipofunguliwa, malori yakaanza kuja kwetu kutoka kila upande, mnada wetu ukakua ukawa kama mji wa siku moja. Baadaye tulipopata mkoa wetu wa Manyara, wafadhili fulani walitujengea vyoo vya tofali. Matundu manne ya wanaume, manne ya wanawake, na pembeni chumba kimoja kipana cha walemavu. Kile kilikuwa na kiti cha kukalia, vyuma vya kushikilia ukutani, na bomba la maji humo humo ndani! Mlangoni walichora mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu.

Kamati ya mnada ilinichagua mimi nishike ufunguo. Walisema mimi ni mkali na sipendelei mtu. Niliufunga kwenye kamba ya ngozi nikauvaa shingoni, nikajiona nimekuwa mkuu wa wilaya.

Sasa sikilizeni uchafu wetu. Choo kile tulikitumia sisi wenyewe! Mwenyekiti akibanwa, anafunguliwa. Mgeni wa wilayani akija, anafunguliwa. Mimi mwenye miguu yangu miwili mizima niliingia humo kila mnada, nikakaa na kujipumzisha. Tena tuligeuza nusu ya chumba kuwa stoo, tukapanga magunia ya chumvi ya ng'ombe ya rafiki yetu mmoja. Mlemavu pekee aliyewahi kuingia ni mzee mmoja wa magongo, naye ilibidi asubiri kwanza tuhamishe magunia. Alisubiri huku anatetemeka, na sisi tunamwambia avumilie kidogo. Hamuoni kinyaa hapo?

Huo ni mwanzo tu…

Mwanangu mkubwa, Samweli, alioa binti wa Kiiraqw kutoka upande wa Mbulu, jina lake Paulina. Binti yule alizishika mila zetu kuliko binti zetu tuliowazaa. Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe wake hawatazamani usoni. Hataji jina langu, hali chakula mbele yangu, na mambo ya mwili wake hayafiki kabisa masikioni mwangu. Hata akiumwa kichwa, habari hupitia kwa mama mkwe. Ndiyo heshima yetu. Niliipenda mno heshima hiyo, maana ilinifanya nijione mkubwa.

Paulina alipojifungua mtoto wa pili aliumia vibaya. Alilazwa hospitali moja ya mbali kwa miezi miwili. Aliporudi nikaambiwa amepona, na kwa macho yangu niliona kweli amepona. Alibeba ndoo kichwani, alicheka na wenzake, mashavu yalijaa.

Kumbe madaktari walikuwa wamemtoboa tundu tumboni, na haja kubwa ikawa inatokea hapo, inaingia kwenye mfuko uliobandikwa chini ya nguo! Mfuko ule haungoji. Ukijaa umejaa, uwe shambani au kanisani. Ukijaa, unahitaji maji, unahitaji nafasi, unahitaji mahali pa kukaa uusafishe. Walimwambia arudi baada ya mavuno afanyiwe operesheni ya pili, utumbo urudishwe mahali pake, awe mzima kama zamani. Hilo ndilo lililokuwa tumaini lake. Alikuwa anahesabu wiki.

Mke wangu alijua. Samweli alijua. Mimi sikuambiwa. Nani angeanza vipi kumsimulia baba mkwe habari ya haja kubwa ya mke wa mwanawe? Hakuna mdomo wa kusema neno hilo kwetu.

Paulina alikuwa anauza vitunguu saumu mnadani, alivyoletewa kutoka kwao. Mara ya kwanza alimtuma rafiki yake, mama mmoja muuza chai aitwaye Mama Ana, aje kuniomba ufunguo. Nikamuuliza Mama Ana, tangu lini mkwe wangu akawa mlemavu? Mama Ana akasita, akasema eti ni mambo ya wanawake. Nikamwambia mambo ya wanawake yana vyoo vinne pale.

Mara ya pili alimtuma tena. Siku hiyo nilitania mbele ya wazee wenzangu kwamba mkwe wangu anataka kiti cha kukalia kama mke wa waziri. Wakacheka. Moyoni nilijisifu kwamba nimeonyesha sipendelei nyumba yangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba tangu hapo alikuwa haweki kitu tumboni kuanzia jioni ya kuamkia mnada. Alishinda juani na njaa yake, anauza vitunguu.

Mara ya tatu alikuja mwenyewe.

Mnada ulikuwa umefurika, vumbi limejaa hewani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na wanakamati pamoja na dalali mmoja wa ng'ombe. Paulina akasimama ubavuni mwangu, kichwa ameinamisha, shuka imefunika nusu ya uso.

"Shikamoo, baba," alisema kwa sauti ndogo.

Sikuitikia. Akanyoosha mkono.

"Unataka nini?"

"Ufunguo, baba."

Kwa nini sikuutoa tu? Ulikuwa hapa, kifuani pangu! Lakini wazee walikuwa wananitazama, nami nikataka kuonekana. Nikapaza sauti nikamwambia miguu anayo, mikono anayo, macho anayo.

"Sasa ulemavu wako uko wapi? Taja unachoumwa, nikupe sasa hivi!"

Yule dalali akadakia, "Labda ni mlemavu wa uvivu!"

Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka… Mungu wangu, nilicheka!

Paulina akainua macho akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Nikaona ni jeuri. Akageuka akaenda zake, mkono mmoja ameushika tumboni.

Alikwenda kupanga foleni kwenye vyoo vya wanawake, na foleni ilikuwa ndefu. Hakufika mlangoni. Mfuko ulibanduka hapo hapo, katikati ya watu.

Nilisikia kelele kwanza. Wanawake walikuwa wanakimbia wameziba pua, wengine wanatema mate chini, mmoja anapiga yowe kwamba mtu ameoza akiwa hai. Nikaenda kutazama kama watu wengine wanavyotazama. Paulina alikuwa amechuchumaa, amejifunika shuka hadi kichwani, nguo imelowa upande mmoja kutoka tumboni hadi miguuni. Nzi walikuwa wameshafika.

Mwanakamati mmoja akaniuliza, "Mzee, huyu si mkwe wako?"

Nikajibu, "Simjui. Kwangu hakuna mtu wa namna hii."

Nilisema hivyo, wasomaji! Alikuwa hatua tano kutoka nilipo. Alisikia.

Mama Ana ndiye aliyemkimbilia. Alivua kitenge chake akamfunga, akamwaga maji yake yote ya kupikia chai kumwoshea miguu, huku ananitazama mimi. "Na mvi zako zote hizo, mzee!" aliniambia.

Na mimi nilifanya nini? Nilisikia kichefuchefu kwa harufu. Nikaenda kwenye kile choo, nikafungua kwa ufunguo wangu, nikakaa juu ya gunia la chumvi nikanawa uso. Maji yalikuwa tele. Nikanawa mara mbili. Hapo ndipo hadi leo nikikumbuka natamani kujitapika mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nimefura, tayari kugomba juu ya aibu niliyoletewa. Mke wangu aliniacha nikaongea mpaka nikachoka. Ndipo akanieleza yote, ya tundu, ya mfuko, ya operesheni iliyokuwa inangojewa. Hakupaza sauti hata kidogo.

Nikamlaumu, nikamuuliza kwa nini Paulina hakusema pale pale.

"Ulitaka akuonyeshe tumbo?" mke wangu aliniuliza. "Mbele ya dalali?"

Nikatoka nje nikaenda zizini.

Samweli hakunitukana. Ingekuwa afadhali! Wiki ile ile alimchukua mke wake na watoto wawili akawapeleka Mbulu kwa baba yake Paulina, naye akahamia huko huko kulima. Aliondoka bila kuniaga. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi majuto ninayo, wajukuu sinao.

Mavuno yakaisha. Siku ya kurudi hospitali ikafika, na Paulina akakataa kwenda. Safari ni ya saa nyingi kwenye basi, amebanana na watu, na njiani lazima aombe choo. Alisema hataomba choo kwa mtu yeyote tena maisha yake yote. Samweli alimbembeleza. Mchungaji alimbembeleza. Alikaa ndani akafunga mlango.

Nilipopata habari hizo nilichukua asali na kondoo dume, nikapanda Mbulu kuomba msamaha kama desturi inavyotaka. Baba yake ni mkulima mpole, tulilingana umri. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikajitetea. Nikasema kosa langu ni kutojua, kwamba laiti binti yake angetamka neno moja tu.

Akaniambia, "Mwanangu hakukosa neno. Alikuwa anakuheshimu."

Nilijisikia mdogo kuliko kifaranga. Heshima ile ile niliyoinenepea miaka yote ndiyo iliyomziba mdomo, na mimi nikaitumia kumpigia.

Nikaomba basi Paulina anisikie hata kupitia ukuta. Baba yake hakuhitaji kumwita. Paulina alitoka mwenyewe, amekonda, akasimama mlangoni akanitazama usoni bila kujifunika. Baba yake akainamisha kichwa kwa aibu. Paulina hakunipa shikamoo. Hakuniita baba.

"Mzee, chukua kondoo wako urudi," alisema. "Mimi sikujui."

Akaingia ndani. Nilimshukuru baba yake, nikateremka na kondoo wangu. Njiani watu waliniuliza ninampeleka wapi, nikadanganya nimemnunua.

Nilirudisha ufunguo kwa kamati. Nilifikiri watajifunza… Wapi! Walimkabidhi yule dalali. Mpaka leo kufuli liko pale pale na magunia ya chumvi yamo ndani, na wakija wageni wa wilayani wanafunguliwa wanaingia wakitabasamu. Nimewaambia. Wananijibu kwamba uzee umenilegeza.

Ndugu wasomaji, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Si kila mlemavu ana gongo. Kuna mwenye moyo mbovu, kuna mwenye kifafa, kuna mama aliyeharibika akileta uhai duniani, na wote hao ukiwatazama utasema ni wazima. Nawasihi ninyi mnaoshika funguo za namna hii, makanisani, zahanati, stendi, popote… mtu akiomba, mpe! Usimuulize anaumwa nini. Hata akikudanganya, umepoteza nini? Maji ya kunawa? Na ninyi mnaokaa kwenye mabenchi, mzee mwenzenu akianza kumcheka mtu, msicheke naye. Laiti mmoja tu angeninyamazisha siku ile!

Leo ni mwaka wa sita. Basi la kwenda hospitali hupita kila asubuhi barabara ya chini ya nyumba yao. Paulina hajawahi kulipanda.