Maboga ya Bi Verna

Haya yalimpata jirani yetu Corinne Thibault, mwaka wa pili tangu yeye na mumewe wahamie huku kwetu Vermont, Marekani. Halowini ya kwanza, usiku ule wa Oktoba watoto wanapopita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende, aliweka bakuli lake mlangoni, asibishe hodi hata mtoto mmoja. Kibaraza kisicho na boga lenye sura na mshumaa ndani, watoto wa huku hukipita kama makaburi. Peremende zile alizila mwenyewe mpaka theluji ikayeyuka. Safari hii akaapa kujifunza kuchonga.

Mwalimu hakuwa mbali. Bi Verna Stannard, mama mtu mzima wa nyumba ya pili, alilima maboga nyuma ya ghala lake, na sura alizochonga zilishinda kila mwaka kwenye mashindano ya kanisa. Aliishi peke yake. Mumewe, Harlan, alimwacha zamani akaenda Alaska kutafuta kazi ya uvuvi. Ndivyo alivyosema, na ndivyo tulivyojua sote.

Basi alasiri moja yenye jua wakakaa jikoni kwa Bi Verna, magazeti yametandazwa mezani.

"Kata kifuniko kwa mshazari," Bi Verna alimwelekeza. "Ukikata wima kitatumbukia, kama meno ya bandia ya mchungaji wetu."

Corinne alicheka. Akakata, akachota mbegu na nyuzi kwa mkono, akakwangua ndani kwa kijiko. Kisha akachora kwa kalamu macho ya pembe tatu na mdomo wa mapengo, akashika kile kisu chembamba chenye meno ya msumeno.

Kisu hakikufuata mchoro.

Mwanzo alidhani ni ugeni wa mkono. Akavuta kushoto, kikaenda kulia. Jicho likatoka dogo, la mtu, ukope umelegea. Pua ikapinda. Mdomo ukashuka upande mmoja kama wa aliyepigwa na kiharusi. Alipoligeuza boga ili mwalimu wake aone, Bi Verna aliacha kukoroga kahawa.

"Nani kakupa picha yake?"

"Picha ya nani, Bi Verna?"

"Chukua jingine."

Akachukua jingine. Hakuchora kitu, akakata tu, macho kayatoa kwenye kisu kayaelekeza dirishani. Ikatoka sura ileile.

Bi Verna akainuka. Akafunga mlango wa nyuma. Akaufungua, akachungulia shambani, akaufunga tena na komeo. Akakaa, akainuka.

"Huna mkono wewe," alisema, akamnyang'anya kisu. "Tazama wanavyochonga."

Alichonga haraka, kama mtu anayemenya viazi na wageni wako mlangoni. Vipande vikaruka sakafuni. Kisu hakikusita. Jicho. Jicho la pili. Pua iliyopinda.

Safari hii mdomo ulikuwa wazi.

Bi Verna akaweka kisu chini polepole.

"Hakwenda Alaska," alinong'ona. "Hakufika hata barabarani."

Corinne akataka kuuliza yuko wapi, basi. Mama yule alikuwa akitazama dirishani, kule yalikotoka maboga.

Mlango wa nyuma ukagongwa.

Si juu, anapogonga mtu. Chini, usawa wa kizingiti. Kitu kizito kilijibamiza, kikarudi nyuma, kikajibamiza tena.

"Nenda kwako, mwanangu," Bi Verna alisema bila kugeuka. "Harlan hana neno na wewe."

"Twende wote."

"Nenda."

Corinne alitoka kwa mlango wa mbele, akakimbia. Mpaka leo hilo ndilo linalomnyima raha: kwamba alikimbia.

Sherifu, mkuu wa polisi wa huku, alipofika na askari wake, jua bado lilikuwa juu ya vilima. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, komeo halijavunjwa. Kahawa ilikuwa ya moto. Viatu vya Bi Verna vilikuwa chini ya meza, kimoja kimelala ubavu. Mwenyewe hakuwepo, na hajaonekana tena. Shamba lilichimbwa lote wiki ile. Hawakupata mfupa, hawakupata nguo, ila mizizi tu, mingi kuliko kawaida.

Halowini hiyo Corinne alizima taa zote.

Kwenye kizingiti cha nyuma cha Bi Verna, siku ileile ya kwanza, askari walikuwa wameokota boga moja kubwa, zima, ganda halina hata mkwaruzo. Askari mmoja aliliinua, akasema mbona jepesi. Wakalipasua palepale, Corinne akitazama. Ndani hamkuwa na mbegu wala uzi. Mlikuwa mmekwanguliwa kote, si kwa kijiko, kwa vidole, michirizi minne minne mpaka kwenye ganda. Na kwenye mchirizi mmoja kulinasa kipande cha ukucha, kina ile rangi ya waridi aliyokuwa akipaka Bi Verna kwenda kanisani.