Uso wa Mafuta ya Nyonyo

Haya yalimpata Anyesi, mama yake babu yangu, hapa Dodoma, mwaka 1911. Kila asubuhi alijifunza kuchora kwa rangi ya mafuta nyumbani kwa mke wa bwana shauri, mkuu wa wilaya wa Kijerumani. Somo lilikuwa moja: kunakili picha ya mwanamke wa Ulaya aliyekufa miaka mia tatu nyuma. Kivuli kwanza, kisha nyama ya shavu, mwanga mwishoni.

Mdogo wake, Matonya, alikuwa kwenye mnyororo bomani kwa kutoroka kazi ya reli.

“Picha yako ikikauka, nitamfungua,” Bibi yule alisema, akicheka. “Ikiharibika, ataozea humo.”

Mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi yakaisha kabla uso haujachorwa. Anyesi akachukua kibuyu cha mama yao, chenye mafuta ya nyonyo.

“Weka chini!” mama alinong'ona. “Hayo nilimpaka Matonya siku aliyozaliwa. Yanamjua.”

“Kidogo tu, mama.”

Nimesoma kemia chuo kikuu. Mafuta ya nyonyo hayakauki. Yaache mwezi mzima, kidole bado kitateleza.

Uso ule ulianza kukauka siku ya pili, kuanzia shavu la kulia.

Mchana huo Anyesi alimpelekea Matonya maji. Shavu lake la kulia lilikuwa limepasuka mistari myembamba, kama matope ya kinamasi cha Bahi wakati wa kiangazi. Akamaliza mtungi mzima.

“Dada, umeniletea maji au mchanga?” akatania. Upande mmoja wa uso haukucheka.

Anyesi alirudi mbio akaongeze mafuta. Chumba cha picha kilikuwa kimefungwa.

“Usiiguse,” Bibi alisema. “Inakauka vizuri.”

“Bibi, ichome. Nakuomba.”

“Na ndugu yako?”

Akapiga magoti. Bibi akamkanyaga vidole vya mkono wa kuchorea. Polepole.

Siku ya tano Bibi aligonga uso kwa ukucha. Ko. Ko. Mkavu. Akamtuma askari, Yahaya, akamfungue mfungwa.

Yahaya alirudi na mnyororo. Pete ya shingo ilikuwa bado imefungwa. Haikukatwa. Ndani yake hapakuwa na mtu.

“Aliomba maji,” alinong'ona. “Nikageuka kuchota.”

Bibi akamtupia Anyesi picha. “Basi, yuko huru.”

Picha tunayo nyumbani kwetu, Area D, imeelekezwa ukutani. Jana niliigeuza, nikaipima kwa kidole, sehemu kwa sehemu. Kavu. Kavu. Kavu.

Jicho la kushoto lilinilowesha kidole.

Nikaonja. Si mafuta. Ni chumvi.