Mgeni Ndani ya Tenga

Sogeeni karibu. Kunjeni miguu, mtu asiache hata kidole nje ya mkeka. Hadithi hii ina nyoka.

Zamda anaishi Lukwezi, kijiji kilicho juu mlimani. Nyuma ya nyumba yao kuna msitu. Majani ya msitu yanadondosha maji mchana kutwa. Tii, tii, tii.

Bibi yake anaitwa Sikudhani. Amepanda kabichi uani. Kila asubuhi Bibi analalamika, maana konokono wamezila tena.

Lukwezi kuna desturi. Mgeni hafukuzwi mlangoni. Anapewa kigoda, halafu anaulizwa yeye nani, na wa ukoo gani. Hata muuza dagaa huulizwa.

Alasiri moja Zamda aliingia jikoni kuchukua kikombe. Nyuma ya mafiga, kitu kikajikunjua. Sss... sss...

Alikuwa nyoka. Mwembamba, wa kahawia, ana mstari wa njano shingoni.

Zamda hakumgusa. Alirudi nyuma taratibu, taratibu. Kisha akamwita Bibi.

Bibi akaja. Mjomba Mkude naye akaja, fimbo mkononi.

Mjomba anawajua nyoka wengi. Anamjua kifutu. Anamjua swila. Huyu hakumjua, na kwa sababu hakumjua, alimwogopa.

Akainua fimbo juu.

Moyo wa Zamda ukapiga du, du, du. Nyoka alikuwa mdogo. Alikuwa amejibana nyuma ya figa, na Zamda alimwonea huruma.

"Mjomba, huyo ni mgeni," alisema. "Hajaulizwa ukoo."

Fimbo ikabaki hewani. Mjomba akamtazama Bibi. Bibi akamtazama Mjomba.

Mjomba akashusha fimbo, lakini kwa shingo upande. Bibi akachukua tenga la kufunikia kuku. Akamfunika nyoka, akaweka jiwe juu ya tenga.

Halafu Bibi akampigia simu Dada Evodia. Dada Evodia huchunguza wanyama wa msituni. Kazi yake ni kujua nani ni ndugu wa nani. Alikuwa mbali, ila alisema anakuja.

Mjomba akanyoosha kidole mlimani. Ukungu ulikuwa umekaa juu kileleni. Alisema atangoja mpaka ukungu ufike mlangoni. Ukifika mlangoni haonekani mtu wala nyoka, na watoto wanalala humu. Basi hapo atampiga.

Zamda akavaa mabuti yake, akakaa kwenye kigoda, mbali kidogo na tenga. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Mgeni, mgeni, wewe nani?
Mgeni, mgeni, wa ukoo gani?"

Sss... sss... Nyoka hakujibu.

Ukungu ukashuka. Ukafika kwenye miti mirefu. Dada Evodia hajafika.

Ndani ya tenga kukasikika kwaru, kwaru, kwaru. Nyoka anajisugua. Zamda akafikiri labda anaumwa.

"Mgeni, mgeni, wewe nani?
Mgeni, mgeni, wa ukoo gani?"

Kwaru, kwaru. Nyoka hakujibu.

Ukungu ukashuka tena. Ukafika kwenye migomba. Dada Evodia hajafika.

Sasa ndani ya tenga kukawa kimya. Hakuna sss. Hakuna kwaru. Kimya kile kilimtisha Zamda kuliko sauti.

Ukungu ukafika kwenye kabichi. Mjomba akasimama. Akachukua fimbo yake.

Zamda alitaka kulia. Aliuliza haraka haraka:

"Mgeni, mgeni, wewe nani?
Mgeni, mgeni, wa ukoo gani?"

Kimya.

Mara nje kukasikika chwapu, chwapu, chwapu. Ni buti kwenye matope. Ni Dada Evodia, anahema, amevaa glavu nene.

Akawaomba wote warudi nyuma. Akaondoa jiwe. Akainua tenga, taratibu, taratibu.

Nyoka hayupo.

Kulikuwa na gamba tu. Gamba jembamba, jepesi kama ganda la kitunguu. Nyoka alikuwa amejivua gamba, akaenda zake.

Bibi akalitazama tenga lake, akashika kiuno. Tenga la kuku! Kuku hapiti kwenye matundu yale. Nyoka mwembamba anapita, tena bila hodi.

Sasa yuko wapi? Kila mtu akatazama miguu yake.

"Asisogee mtu," alisema Dada Evodia.

Sss... sss...

Alikuwa kwenye buti la Zamda.

Zamda hakupiga kelele. Hakuruka. Hakutikisa hata kidole. Moyo ulipiga du, du, du, lakini miguu ilitulia.

Nyoka akapita juu ya buti la kushoto. Akapita juu ya buti la kulia. Akatoka mlangoni, taratibu, taratibu, akaingia kwenye kabichi.

Kwenye kabichi kulikuwa na konokono mnene. Nyoka akanyoosha shingo. Nyaku! Konokono hayupo.

Bibi alifungua mdomo, akasahau kuufunga.

Ukungu ukafika mlangoni. Mjomba bado alikuwa na fimbo. Akasema, mgeni ameulizwa, na hakujibu.

Dada Evodia akaliokota gamba. "Amejibu," alisema. "Jibu ameliacha humu."

Akalitandaza gamba juu ya ungo wa Bibi. Akatoa kioo cha kukuzia. Yakaonekana magamba madogo madogo, yamepangwa safu kwa safu. Akasema kila ukoo wa nyoka una mpango wake.

Akahesabu. Zamda naye akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne... hesabuni na nyie, wasichoke peke yao.

Mwishowe Dada Evodia akatabasamu. Ukoo ameujua. Ni ukoo wa nyoka wanaokula konokono. Wao hawana sumu ya kumdhuru mtu.

Zamda akashusha pumzi. Fuuu.

Lakini Dada Evodia akahesabu tena. Akatazama tena.

"Ndugu zake nawajua wote," alisema. "Hakuna mwenye mstari wa njano, na idadi hii ya safu hawana. Nadhani huyu hana jina bado."

Akaeleza kwamba kazi bado ni ndefu. Lazima wenzake nao walione gamba, nao wahesabu. Wakikubaliana, nyoka atapewa majina mawili. La kwanza ni la ukoo, la kutumia na ndugu zake. La pili ni lake peke yake.

Akasema huenda nyoka huyu hayuko kokote duniani ila kwenye mlima huu. Alikuwa hapa kabla ya nyumba, na kabla ya kabichi.

Mjomba akaitazama fimbo yake. Akaona haya. Akaiingiza kwenye moto, chini ya sufuria.

"Kumbe mwenyeji ni yeye," alisema. "Mpeni jina la Lukwezi."

Dada Evodia akasema hilo ndilo jina atakalopeleka kwa wenzake.

Jioni Zamda akapanda kitandani. Bibi akamfunika blanketi. Alimwambia alifanya vizuri kutomgusa nyoka, na afanye hivyohivyo siku nyingine. Kisha akasema kesho huenda asilalamike.

Nje kulikuwa na ukungu mzito. Tii, tii, tii. Kwenye kabichi kitu kikapita. Sss... sss...

Zamda akasikiliza. Safari hii aliona kama anaulizwa yeye.

"Mimi Zamda," akajibu polepole. "Wa ukoo wa Bibi Sikudhani. Naishi hapa kwenu."

Akalala.

Haya, nyoosheni miguu. Nyoka yuko kwenye kabichi, anakula.