Kengele ya Mkanda

Dereva huyu ni jirani yetu, na si mtu wa porojo. Jioni hiyo alikuwa hoi, macho mazito, anapeleka peke yake mitungi ya oksijeni kwenye zahanati ya mlimani. Mvua ilikuwa imeleta giza kabla ya wakati wake.

Kwa pikapu ya zamani, penye tope ilibidi mtu ashuke azungushe loki za magurudumu ya mbele kwa mkono ili nayo yavute, ndipo dereva avute gia ndogo. Kazi hiyo ilikuwa ya shemeji yake, sasa ni marehemu. Akishamaliza, hugonga boneti mara mbili: "Twende, shemeji!" Pikapu mpya haina loki wala gia ndogo. Ina kitufe tu cha kufanya kazi hiyo.

Katikati ya mlima gari likazama. Akabonyeza kitufe, taa ikawaka, ikazima. Akabonyeza tena. Wapi!

"Shemeji, mwenzio nimechoka," akajisemea, akalaza paji la uso kwenye usukani.

Ndipo akasikia viatu vikichomoka topeni, chwaka, chwaka. Gurudumu la kushoto likalia kra! Viatu vikapita mbele ya gari, polepole, na taa kubwa zinamulika mvua tupu. La kulia nalo, kra! Kisha boneti ikagongwa mara mbili.

Akakanyaga mafuta. Gari likapanda.

Kufika juu, hakuthubutu kutazama kiti cha kushoto. Kengele ilikuwa imeanza kulia kwenye dashibodi, ile inayolia abiria akikaa bila kufunga mkanda.