Walinifungia Stoo Mpaka Punda Milia Washinde

"Shemeji, utatoka tukishinda!"

Halafu nikasikia kufuli... kaa!

Nilidhani ni mzaha. Nikasukuma mlango. Haukusonga.

"Galgalo! Fungua mlango!"

"Tulia, shemeji. Omba dua. Mechi inaanza."

Nikasikia viatu vyake vikienda.

Wasomaji wangu, salaam aleikum. Na ndugu zangu Wakristo, habari zenu. Kabla sijaendelea, mjue jambo moja. Hiyo timu ya Galgalo haikuwa imeshinda mechi hata moja msimu mzima! Msimu wa nyuma yake ilishinda moja, na hiyo moja wageni hawakufika uwanjani.

Sasa mimi ningetoka lini?

Na siku hiyo hiyo, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa naolewa!

Ngoja niwaeleze...

Naitwa Tiya. Marehemu mume wangu, Boru, Mungu amrehemu, alikuwa kocha wa Punda Milia hapa Isiolo. Ndiyo maana mji mzima waliniita Mama Kocha. Wakati wa Boru, timu za Nairobi zilikuja hapa na kelele, zikarudi zimenyamaza. Wachezaji walilipwa mshahara. Basi lao lilipakwa milia nyeusi na nyeupe, watoto wakalikimbiza mpaka Bulapesa.

Boru akafariki.

Nikakaa eda, nguo nyeupe, ndani ya nyumba. Siku moja vijana wa timu wakapita mlangoni kunipa pole wakienda mechi. Nikawaambia tu, "Mungu awalinde."

Wakaenda wakafunga mabao manne!

Hapo ndipo shida yangu ilianza.

Eda yangu iliisha. Ya timu haikuisha.

Galgalo, mdogo wake Boru, akashika uenyekiti. Kila mechi akawa analeta vijana mlangoni kwangu. "Shemeji, vaa nyeupe. Sema kama ulivyosema ile siku." Nikasema. Wakashindwa. Akasema sikusema vizuri.

Wakashuka ligi. Wakashuka tena. Mfadhili akaondoka. Basi likawekwa juu ya mawe, kuku wakawa wanataga ndani. Wachezaji wazuri wakaenda Meru, wengine Nairobi. Hata milia ya jezi ilififia, mpaka mashabiki wa wageni wakatunga wimbo:

"Punda tu! Punda tu! Milia iko wapi?"

Na kila wakichapwa, walinitafuta mimi.

"Mama Kocha, leo ulivaa nini?"

"Mama Kocha, ulitoka nyumbani?"

"Mathe, kuna mtu alikuona ukicheka. Ni ukweli?"

Jamani... hata kucheka!

Nikinunua dera ya kijani sokoni, wakifungwa, mawe yananyesha juu ya mabati yangu. Nikitaka kwenda kumuona dada yangu huko Kinna, makanga ananiangalia halafu anasema, "Mama, kesho kuna mechi. Rudi nyumbani." Mji mzima ulikuwa mlango, na kila mtu alikuwa ameushika.

Nikamwambia Galgalo, "Mimi si hirizi. Hii ni shirki, kumshirikisha Mungu."

Akanijibu bila aibu, "Si shirki, shemeji. Ni tahadhari."

Nikavumilia miaka. Nikaswali. Nikaangalia tu.

Halafu Mungu akamleta Doyo. Mkulima wa vitunguu huko Rapsu, mke wake naye alikuwa amefariki. Mtu wa maneno machache. Alimtuma mzee wake kwa ndugu yangu Jarso na kahawa na tumbaku, kama desturi yetu. Jarso akanikalisha akaniuliza. Nikasema nitafikiria. Ndani ya roho nilikuwa nimeshafunga mizigo!

Galgalo aliposikia alikuja juu. "Kwa mila yetu mjane wa Boru ni wa Boru!"

Jarso akamwambia, "Mila imesema. Na sheria ya Mungu nayo imesema. Tunafuata gani?"

Galgalo akanyamaza.

Mtu akinyamaza haraka hivyo, angalieni mikono yake!

Mimi sikuangalia. Kwa sababu mikono iliyokuja kunichukua haikuwa yake. Ilikuwa ya Nyaguthii, rafiki yangu, mwenye duka karibu na stendi. Mkristo wa kusali, lakini Punda Milia ikicheza anasahau hata kufunga duka.

"Tiya, dadangu, njoo unisaidie kukunja jezi. Tukimaliza nikupeleke upakwe hina."

Nikaenda na furaha yangu. Nikaingia stoo ya uwanja. Nikageuka nimuulize jezi ziko wapi...

Kaa!

Sasa mko na mimi ndani ya stoo.

Joto la mabati. Harufu ya viatu vya zamani. Nje, refa akapuliza filimbi. Hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Wakishindwa, wanatoka ligi kabisa. Hakuna chini ya hapo, ni kucheza na watoto wa shule.

Nikakaa juu ya kreti ya soda nikafikiria.

Wakishindwa, sitoki. Galgalo ameshasema.

Na wakishinda? Watasema wameshinda kwa sababu nilifungiwa! Basi kila mechi nitawekwa humu, mpaka nife.

Wakishinda nimekwisha. Wakishindwa nimekwisha.

Hasbiyallah... nilishika kichwa.

Kisha nikasikia mtu anapumua nje ya mlango.

"Nyaguthii?"

"Nyaguthii, najua ni wewe. Hayo manukato yako yananuka mpaka huku."

"...Vumilia tu, Tiya. Ni dakika tisini."

"Na wakishindwa?"

"Basi... tutaona."

"Utaona wewe! Mimi nitakuwa ninaona mabati."

Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka.

"Galgalo alisema ni mara ya mwisho. Alisema hata Mungu anataka."

"Mungu gani? Wa kwako au wa kwangu?"

Mashabiki wakapiga kelele, "Aaaah!" Mtu amekosa bao.

Nikamwambia polepole, "Nyaguthii, wewe ulipoolewa, nani alikufungia?"

Nikamsikia anavuta makamasi.

"Ufunguo anao Galgalo, haki ya Mungu. Ameuvaa shingoni. Lakini simu ninayo."

Akaipitisha chini ya mlango.

Nikampigia Jarso.

"Uko wapi wewe?! Wazee wa Doyo wamekaa hapa mpaka kahawa imeisha! Watu wanasema umegeuka!"

"Nimefungiwa stoo ya uwanja. Ni Galgalo."

"Nini?! Nakuja na rungu!"

"Ukija na rungu, wewe utalala hospitali na mimi nitalala hapa. Uwanja umejaa."

Akaanza kupiga kelele. Nyuma yake nikasikia sauti nyingine, ya Maalim wetu, taratibu kama anasoma.

Jarso akarudi kwa simu.

"Maalim anauliza... hiyo stoo iko na dirisha?"

Wasomaji wangu! Mwili ukanisisimka!

Kwa wasiojua, kwetu bibi harusi haketi kwenye nikaha. Anaulizwa na Maalim mbele ya mashahidi kama amekubali. Akikubali, walii wake, yaani baba au ndugu yake, anamuoza kwa bwana harusi. Yeye mwenyewe anaweza kuwa jikoni anakata nyama.

Galgalo alifunga mlango. Alisahau ndoa yetu haipiti mlangoni!

Na dirisha lilikuwepo. Dogo, la wavu, juu, upande wa nyuma, linaangalia ukuta wa madrasa. Nikamwambia Jarso waje upande huo. Nikasukuma kreti, nikapanda.

Adhana ya alasiri ikatoka. Nikaswali hapo hapo juu ya gunia safi. Nilipomaliza, nikasikia wazee wanakohoa nje.

"Tiya!" Ilikuwa sauti ya Maalim. "Umekubali ndugu yako Jarso akuoze kwa Doyo, kwa mahari ya mtamba mmoja?"

Kabla sijafungua mdomo...

"KONA! KONA! KONA!"

Mashabiki walipiga ngoma, debe, kila kitu.

"Nimekubali!" nikapiga kelele.

"Sijasikia!" akasema Maalim.

"Nimekubali!"

"Mashahidi, mmesikia?"

Mzee mmoja akasema, "Mimi nimesikia kona."

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Tukangoja. Kelele zikazidi. Nikafikiria, hata sauti yangu hii timu imeifungia!

Halafu, ghafla, kimya. Mchezaji ameumia, refa amesimamisha mechi.

"Tiya, umekubali?"

"NIMEKUBALI!"

Nina hakika hata mbuzi wa Leparua kule mbali walisikia.

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Pale pale, kando ya ukuta wa madrasa, Jarso akamshika Doyo mkono. Nikasikia maneno yote. Nikamsikia Doyo, mtu wa maneno machache, akisema ya kwake bila kukwama. Kisha Fatiha.

Nikashuka kwa kreti. Mjane alipanda, mke wa mtu akashuka.

Sikukaa sana. Nikasikia uwanja... sijui niseme umepasuka! Watu wanalia, wanaruka, debe zinapigwa. Nyaguthii akagonga mlango kwa mikono yote miwili.

"Tiya! Bao! Beki wao amejifunga mwenyewe! Amepiga kichwa ndani ya goli lake!"

Na filimbi ya mwisho ikalia hivyo hivyo. Moja bila. Punda Milia wamebaki ligini!

Kufuli likafunguliwa. Galgalo akaingia analia, jasho linamtiririka, mashabiki nyuma yake.

"Umeona, shemeji?! Umeona?! Nyumbani ulikuwa mbali, ndiyo maana haikufanya kazi! Kuanzia leo mechi zote utakaa humu! Tutakuwekea hata godoro!"

"Mama Kocha! Mama Kocha!" vijana wakaimba.

Nikangoja wanyamaze.

"Galgalo, mimi si shemeji yako tena. Muulize Maalim."

Maalim alikuwa amesimama nyuma yao, na Jarso, na Doyo na wazee wake.

"Ni kweli," akasema Maalim. "Ameozwa. Mchezaji alikuwa bado amelala chini. Bao lilikuja baadaye."

Kijana mmoja akauliza, "Yaani... tumeshinda bila mjane?"

Mwingine akadakia, "Basi shida ilikuwa mjane!"

"Basi tumuoze kila mechi!"

Doyo akasema, "Jaribu."

Hilo tu. Kijana akarudi nyuma mpaka akakanyaga debe.

Galgalo aliketi juu ya kreti yangu. Furaha yote ilikuwa imemtoka. Nikadhani atanipigia kelele. Badala yake aliniangalia kama mtoto.

"Sasa kama si wewe... ni nini kimekuwa kikituangusha miaka yote hii?"

"Nyinyi hamna kocha, Galgalo."

"Vijana wanajifundisha..."

"Tangu Boru afariki hamjatafuta kocha hata siku moja. Mlinitafuta mimi."

Aliinamisha uso. Akasema kwa Kiborana, polepole, ili mashabiki wasisikie, na mimi nawaandikia kwa Kiswahili:

"Nikimleta mwingine asimame pale aliposimama ndugu yangu... ni kama namzika mara ya pili. Nikikuona na nyeupe, naona msiba bado ni mpya. Naona Boru ameondoka jana tu."

Nilikuwa nimejiandaa kumlaani. Laana ikakosa njia.

Nikamwambia, "Ndugu yako amezikwa vizuri. Mimi pia nilikuwepo. Umemlilia kwa timu nzima, inatosha."

Akavua ufunguo shingoni. Hakunipa mimi. Alimpa Nyaguthii, akamwambia aache mlango wazi, jezi zipate hewa.

Nyaguthii alinifuata mpaka nje analia. Nikamkumbatia, lakini hina nilienda kupakwa na mtu mwingine!

Sasa niko Rapsu, naandika hii nikiwa kando ya mfereji, vitunguu vimeshika. Wameleta kocha kutoka Meru, Mugendi. Mechi ya kwanza na yeye, walichapwa tatu. Nikasikia hakuna mtu aliyeuliza nimevaa nini.

Dada zangu mnaosoma, wajane mliofungwa na watu wanaosema wanawapenda: mtu akikwambia nyumba yao, biashara yao au timu yao itaanguka ukiondoka, angalia vizuri. Mara nyingi ilishaanguka, na wewe umewekwa tu mbele ya shimo ili lisionekane.

Na nyinyi wanaume, walilieni maiti wenu. Msimvalishe mtu mwingine sanda.

Leo nimevaa dera ya kijani.